Furaha ni ya kuchagua kweli? Na anayechagua ni "mimi" yupi?

#1 Mtafutaji77

Wakuu, salaam.

Nina hoja, naomba tuichambue bila kuoneana haya. Kila ninapogeuka naambiwa furaha ni uamuzi: amka asubuhi, amua kufurahi, mengine yatafuata. Mimi nadai uamuzi huo hauwezekani kwa mtu asiyejijua. Utachaguaje kwa niaba ya mtu usiyemfahamu?

Kilichonisukuma kuandika ni kazi ya nyumbani ya binti yangu. Aliambiwa amhoji mzazi mmoja. Swali la kwanza: unapenda nini? Nikamjibu, napenda msome mfike mbali. Akasema, "Hapana baba, wewe. Siyo sisi." Nikamtajia kazi yangu. Akaandika, akaitazama, akaifuta kwa raba. "Hii ni unachofanya." Mwisho akaiacha nafasi ile wazi akaenda kulala. Nina kazi, nina familia, afya ninayo, sidaiwi na mtu. Jibu la mstari mmoja ndilo sina.

Maswali yangu ni mawili. Utambulisho wa mtu hutafutwa ukapatikana, au hujengwa? Na ukishajijua, je, furaha inachagulika au bado ni majaliwa?

Karibuni.

#2 Nyota ya Asubuhi

Naweka kambi hapa. Hilo swali la binti limenichoma na mimi ambaye sijawa mzazi.

#3 Bwana Takwimu

Mkuu Mtafutaji77, usijitese bure. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Minnesota, David Lykken na Auke Tellegen, walilinganisha pacha wanaofanana na wasiofanana, wakiwemo waliolelewa mbalimbali. Wakaona karibu nusu ya tofauti za furaha kati ya watu inaendana na urithi. Wakaandika hata kwamba huenda kujaribu kuongeza furaha ni kazi bure sawa na kujaribu kuongeza urefu.

Kuna na utafiti wa 1978 juu ya walioshinda bahati nasibu na waliopooza kwa ajali. Muda ulipopita, makundi yote mawili yalikuwa na furaha sawa. Kila mtu ana kiwango chake, maisha yakimpandisha hushuka, yakimshusha hupanda. Umezaliwa mtulivu, ndivyo ulivyo. Hakuna fumbo la kufumbua.

#4 Kitabu Wazi

Bwana Takwimu, hapo kwenye 1978 nakukatalia, maana simulizi hiyo imezunguka sana ikiwa imepinda. Philip Brickman na wenzake waliwahoji washindi 22, waliopooza 29 na watu wa kawaida 22. Kwa kipimo cha 0 hadi 5, washindi walipata wastani wa 4.00, watu wa kawaida 3.82, waliopooza 2.96. Hiyo si sawa hata kidogo. Ajali iliwaumiza na maumivu yalionekana kwenye namba. Tena hawakufuatiliwa kwa muda, waliulizwa mara moja tu, kwa hiyo utafiti ule hauwezi kutuambia nani alipanda na nani alishuka.

Kilichokuwa kweli ni hiki: washindi hawakuwazidi watu wa kawaida kwa kiasi cha maana, na walifurahia kidogo zaidi mambo madogo ya kila siku kama kuzungumza na rafiki.

Na Lykken mwenyewe baadaye aliikana ile sentensi ya urefu. Alikuwa na sababu. Urefu wenyewe hurithiwa kwa kiwango kikubwa kuliko furaha, lakini kizazi kilicholishwa vizuri humpita mzazi wake kimo. Urithi unaeleza kwa nini wewe na mimi tunatofautiana. Haukuwekei dari.

#5 Bwana Takwimu

Kwa namba za 1978 sina ubishi. Hoja yangu bado iko palepale. Sote tunao ndugu waliolelewa nyumba moja, mmoja anaamka anaimba, mwingine anaamka amenuna, na wamekuwa hivyo tangu utotoni. Mwambie huyo wa pili achague.

#6 Mama Wawili

Mtafutaji77 pole na hongera kwa binti mwenye macho.

Mimi nilisomea fani aliyoitaka baba. Sikulazimishwa kwa fimbo. Alikuwa anaitaja kwa fahari mbele za wageni tangu nikiwa mdogo, ikawa yangu kabla sijaulizwa. Nilifaulu, nikaajiriwa, nikapandishwa cheo. Kila nilipopongezwa nilihisi wanampongeza mtu mwingine, na mimi nimeitwa kumpokelea zawadi.

Sasa nafundisha watoto wadogo kusoma. Kipato kimepungua na uchovu umeongezeka. Furaha ya kila siku siwezi kudai ninayo, kuna jioni nafika nyumbani sauti imekauka. Lakini nikiitwa jina langu naitika mimi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoweza kuieleza, na nilichagua kitu kile kimoja tu. Kufurahi sikukuchagua, kulikuja kwenyewe kidogo kidogo.

#7 Mzee Mkimya

Nimewasoma vijana wangu. Nina neno na mleta uzi.

Ulimwambia mtoto, "napenda msome mfike mbali." Akakukatalia nawe ukakubali kukataliwa. Kwa nini? Hilo ndilo lilikuwa jibu! Nani amewafundisha kwamba unachokipenda lazima kiwe chako peke yako ndipo kihesabike? Mtu ni watu. Marehemu John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, alipoandika mwaka 1969 kwamba nipo kwa kuwa tupo, na kwa kuwa tupo basi nipo, alikuwa anaeleza jinsi wengi wetu tulivyolelewa. Mtu hujifungia chumbani akajichunguza moyo mwaka mzima, anatoka hana kitu, kwa sababu alichokuwa anakitafuta kiko kwa wenzake waliobaki sebuleni.

Wewe ni baba. Umejijua siku nyingi. Unachokosa ni kuridhika na hilo.

#8 Mtafutaji77

Shikamoo mzee. Maneno yako mazito, nimeyasoma mara mbili. Hofu yangu ni hii: watoto watakua, wataondoka. Nikiwa mimi ni wao tu, siku hiyo nitabaki nani?

#9 Mzee Mkimya

Marahaba. Utabaki baba wa watu wazima. Ubaba hauna kustaafu.

#10 Mnasihi

Naomba niingie, maana ndiyo kazi ninayoifanya kila siku.

Aliyeyapa umaarufu maneno "mgogoro wa utambulisho" ni mwanasaikolojia Erik Erikson, na hayakutoka hewani. Alizaliwa mwaka 1902 bila kumjua baba yake, akakua na jina la baba wa kambo, Homburger. Alipopata uraia wa Marekani, mwaka 1939, akachukua jina jipya, Erikson. Alikijua alichokiandika.

Mwanasaikolojia mwenzake James Marcia, mwaka 1966, akalipeleka wazo hilo mbele kwa kuuliza vitu viwili: umewahi kutafuta, na umewahi kujifunga, yaani kuamua njia ukaishikilia? Wapo waliojifunga bila kutafuta. Mama Wawili amejieleza humo vizuri kuliko kitabu. Wapo wanaotafuta na hawajajifunga, nadhani Mtafutaji77 ameingia huko sasa. Wapo waliotafuta wakajifunga. Na wapo ambao hawajatafuta wala hawajajifunga. Watu huzunguka humo zaidi ya mara moja maishani, kwa hiyo mtu mzima kujiuliza yeye ni nani si dalili ya kuchelewa.

Sasa kwenye tunu, yaani mambo tunayoyathamini. Mwanasaikolojia Shalom Schwartz mwaka 1992 alitoa orodha ya tunu 10 alizoziona zikijirudia katika nchi nyingi: kujitawala, msisimko, raha, mafanikio, mamlaka, usalama, utiifu, mapokeo, wema kwa wa karibu, kuwajali watu wote. Orodha yenyewe si kitu. Cha maana ni kwamba alizipanga kwenye duara: zilizo jirani hupatana, zinazotazamana huvutana. Usalama unavutana na kujitawala. Mafanikio yanavutana na wema. Wengi wanaokuja kwangu wakisema "sijijui" wanazijua tunu zao vizuri sana. Kinachowatesa ni kwamba wanazipenda mbili zinazovutana, na hawataki kuigharimia hata moja.

Ukitaka kuziona zako, usijiulize unathamini nini. Utajibu vizuri mno. Fungua shajara au simu uangalie saa zako za wiki iliyopita zilikwenda wapi, kisha uangalie ni kipi kati ya hivyo ungekasirika ukinyang'anywa.

#11 Upepo

Mnasihi umemwaga darasa zima, mtihani lini? 😄 Hiyo ya "ungekasirika ukinyang'anywa" nimeinakili pembeni.

#12 Jiwe la Pembeni

Nimesoma kimya tangu jana. Leo nasema.

Kuna kipindi nilisimama mbele ya kabati la nguo nimeshika mashati mawili, nikashindwa kuchagua. Si kwamba yote yalikuwa mazuri. Mkono ulikuwa haupokei amri. Nikakaa chini sakafuni na mashati mapajani mpaka simu ya kazini ilipoanza kuita. Katika hali hiyo rafiki yangu mwema kabisa akanitumia ujumbe: "Chagua furaha leo." Kumbe hata shati nimeshindwa. Niliumia mara mbili, kwanza kwa ugonjwa, kisha kwa kuambiwa nimeuchagua.

Ilikuwa sonona. Nilitibiwa kwa mazungumzo na kwa dawa. Tunu zangu zilikuwa zilezile kabla, wakati na baada. Nilijua ninachokipenda, ila nilikuwa sikihisi. Kwa hiyo mleta uzi anaposema tatizo ni kutojijua, na Mzee anaposema ni kutoridhika, naomba muache nafasi ya tatu: wakati mwingine mtu anajijua na ameridhika na anaumwa.

#13 Nyota ya Asubuhi

Jiwe, pole sana. Umeniongezea kitu.

#14 Asiyechoka

Jiwe pole ndugu yangu, na nakuheshimu kwa kusema. Lakini nina mfano wa upande wa pili. William James, mwanafalsafa wa Marekani, alikuwa kijana aliyezama kwenye giza hilohilo. Tarehe 30 Aprili 1870 aliandika kwenye shajara yake kwamba tendo lake la kwanza la hiari litakuwa kuamini kwamba ana hiari. Hakusubiri kuhisi. Aliamua kwanza, hisia zikafuata nyuma. Akaja kuwa mmoja wa waasisi wa saikolojia. Uamuzi upo, ila unaanzia kwenye tendo dogo kuliko tunavyodhani.

#15 Jiwe la Pembeni

Asiyechoka, soma na kurasa zinazofuata. Hali ile ilimrudia James mara kadhaa maishani. Angekuwa ameiponya kwa uamuzi, isingerudi. Nakubali kitu kimoja tu: matibabu yangu nayo yalianza kwa matendo madogo. Niliagizwa kuoga na kutoka nje saa fulani, nijisikie au nisijisikie. Hakuna aliyeniagiza nifurahi.

#16 Asiyechoka

Basi tumekaribiana. Mimi hilo la kutoka nje bila kujisikia ndilo naliita kuchagua.

#17 Kitabu Wazi

Hapo ndipo penyewe. Naleta mtu mwingine, maana kisa chake kinagusa la Mtafutaji77 na la Mama Wawili kwa pamoja.

John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, alifundishwa na baba yake Kigiriki akiwa na miaka 3, Kilatini akiwa na 8. Alilelewa awe mrekebishaji wa jamii. Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza: mageuzi yote unayoyapigania yakitimia sasa hivi, utakuwa na furaha? Nafsi ikajibu hapana. Akaanguka kwa miezi mingi. Kila alichokithamini alikuwa amekipokea, na hakuna alichokuwa amekipenda kwanza.

Alipoinuka alifikia kauli ambayo naona inaupiga uzi huu kifuani: wenye furaha ni wale wanaoelekeza akili kwenye kitu kingine kisicho furaha yao. Ukianza kujiuliza kama una furaha, inakatika.

Na miaka karibu 200 baadaye imepimwa. Iris Mauss na wenzake mwaka 2011 waliwapa baadhi ya watu makala fupi ya kusifia umuhimu wa furaha, kisha wakawaonyesha filamu ya kufurahisha. Waliosoma makala ile waliifurahia filamu kidogo kuliko wasioisoma. Huenda walikuwa wanajipima huku wanatazama.

#18 Upepo

Kwa hiyo uzi huu unatupunguzia furaha kila tunaporudi kusoma? Mods, mpo?

#19 Bwana Takwimu

Upepo tulia, watu wanajenga hoja 😄

Kitabu Wazi, usiuelekeze uzi upande mmoja. Mwaka 2005 Sonja Lyubomirsky na wenzake walitoa mgawanyo wa tofauti za furaha kati ya watu: asilimia 50 urithi, 10 mazingira, 40 matendo tunayoyachagua. Hata mimi wa urithi nakubali hiyo 40. Si haba.

#20 Kitabu Wazi

Kaka, ile 40 ilipatikana kwa kutoa: 100 ondoa 50, ondoa 10, kilichobaki wakakiita matendo. Wakosoaji waliliandikia hilo, na mwaka 2019 wawili kati ya waandishi wenyewe walikubali kwamba mgawanyo ulirahisishwa mno. Wanaendelea kuamini matendo yana nguvu, na mimi pia. Lakini huwezi kumgawa mtu mmoja vipande ukasema hiki ni cha babu, hiki ni cha kwake.

#21 Mama Wawili

Mtafutaji77 umepotea. Umefanya lile zoezi la Mnasihi?

#22 Mtafutaji77

Nipo, nasoma kila bandiko.

Nimelifanya. Saa zangu nyingi zimekwenda kazini na barabarani, na hakuna ambayo ningekasirika ikinyang'anywa. Iliyobaki ni moja: saa ya ukutani iliharibika, nikaifungua mezani. Mke wangu aliniita nikalale, nikasema nakuja, nikaendelea. Kuna gurudumu moja dogo jino lake limelika. Nililisugua kwa msasa mpaka likashika. Sikuwa nafikiria kama nina furaha. Nadhani napenda kurekebisha vitu.

#23 Mzee Mkimya

Hiyo ni burudani, mwanangu. Saa ni ya nani? Ya nyumba nzima. Ulikuwa unaitumikia nyumba yako.

#24 Mama Wawili

Mzee na heshima zote, mwachie hata saa moja iwe yake jamani.

#25 Msema Pole

Naomba nichangie kutoka upande mwingine.

Namuuguza mama. Hajigeuzi mwenyewe. Kila baada ya saa mbili namgeuza ili asipate vidonda, usiku kwa kengele ya simu. Nalegeza shuka, naweka mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, namvuta kwangu, namwekea mto mgongoni, nakagua visigino. Kuna siku nafanya kwa upendo. Kuna siku nafanya kwa hasira, na mgongo unafikishwa pale pale.

Nikisoma mnajadili kuchagua furaha, najiona niko nje ya mada. Mimi sichagui furaha. Nachagua kumgeuza. Ninamshukuru Mungu asubuhi, na mara chache sana, akiwa amelala vizuri na dirisha liko wazi, napata utulivu ambao sikuupata nilipokuwa huru. Wewe ni nani, mkiniuliza? Huyu anayemgeuza mama yake. Sijui kama hilo ni la kutafutwa au kujengwa. Nililikuta.

#26 Mzee Mkimya

Mungu akutie nguvu binti yangu. Umesema yote niliyokuwa nahangaika kuyasema.

#27 Mnasihi

Msema Pole, pole na hongera. Nina swali, si la kukupinga: kuna wa kukupokea zamu? Wauguzaji wanaojiita kwa kazi hiyo tu nawapokea wengi baada ya msiba, wakiwa hawana kitu cha kushika. Mzee, hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Mtu ni watu, sawa, lakini watu hufa na watu huondoka.

#28 Msema Pole

Kaka yangu huja mwisho wa wiki. Siku hizo nalala, na huwa naimba kwaya. Kwaya sikuitaja kwa sababu niliona ni jambo dogo.

#29 Mnasihi

Si dogo. Ilinde.

#30 Bwana Takwimu

Leo kwa mara ya kwanza nasimama na Mzee Mkimya. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza 1938, wenye wanafunzi 268 wa chuo kile na vijana 456 wa mitaa duni ya Boston, umewafuata watu maisha yao yote. Kilichoonekana wazi kuliko vingine ni kwamba uhusiano mzuri na watu huendana na afya na kuridhika uzeeni. Hakuna sehemu waliyosema siri ilikuwa kukaa na kujichunguza.

#31 Kitabu Wazi

Ni kweli, ila walioanza walikuwa wanaume watupu, na mwelekeo wa sababu haujulikani kirahisi. Mtu mchangamfu huvuta marafiki. Huenda furaha ndiyo iliyoleta uhusiano.

#32 Mlango wa Nyuma

Mgeni humu, nimejiunga kwa ajili ya uzi huu.

Nilipoteza kazi niliyodumu nayo muda mrefu. Simu za watu wengi zilinihifadhi kwa cheo, siyo kwa jina. Nilijua hilo siku mmoja aliponipigia kwa bahati mbaya akashangaa sauti yangu: "Kumbe hii namba bado ni yako?" Nikabaki nashika simu. Niliyekuwa najidhani ni mimi alikuwa ni kiti.

Asiyechoka, nimesoma mengi ya kujipa moyo. Mwanafalsafa Epiktetos, aliyezaliwa mtumwa, alifundisha kwamba tutenganishe yaliyo mikononi mwetu na yasiyo. Yamenisaidia kulala. Hayajanisaidia kuamka.

#33 Kitabu Wazi

Karibu Mlango, na pole. Hujalegea. Utafiti uliofuata watu zaidi ya 24,000 Ujerumani kwa miaka 15, ukachapishwa 2004, ulionyesha waliopoteza kazi kwa wastani hawakurudi kikamilifu kwenye kuridhika kwao kwa zamani, hata baada ya kuajiriwa tena. Bwana Takwimu, hii nayo iingie kwenye hesabu yako ya "ukishuka utapanda".

#34 Bwana Takwimu

Nimeiona. Kwa wastani. Wengine walirudi.

#35 Mlango wa Nyuma

Nitashukuru kuwa miongoni mwa hao wengine.

#36 Asiyechoka

Kuna jambo hatujalitaja. Tunazungumzia kujijua kana kwamba huyo wa kujuliwa amekaa anasubiri. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 19,000, wa umri wa miaka 18 hadi 68. Wa kila umri walikiri wamebadilika sana miaka 10 iliyopita, na bado walidhani miaka 10 ijayo watabadilika kidogo tu. Tabia, tunu, hata vipendwa. Kila mtu anajiona amefika.

Mtafutaji77, huenda ungekuwa umejijua vizuri sana ulipokuwa na miaka 25, na leo taarifa hizo zingekuwa za mtu mwingine.

#37 Mtafutaji77

Sasa hapo mmeniweka njia panda. Kama nitabadilika, namchagulia nani?

#38 Mama Wawili

Wa leo. Wa kesho atachagua yake, mradi usimfungie milango yote.

#39 Mzee Mkimya

Wa leo akichagua bila kumfikiria wa kesho, ndoa zote zitavunjika. Ahadi ipo kwa ajili ya kumfunga yule utakayekuwa. Mimi nilimwahidi mke wangu nikiwa kijana ambaye leo simkumbuki vizuri. Kijana yule hayupo, ahadi ipo, na ndiyo iliyonifanya mtu mmoja kuanzia wakati ule hadi sasa.

#40 Upepo

Mzee hapo umenikamata. Sina utani leo.

#41 Nyota ya Asubuhi

Wakubwa zangu, nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu uzi huu unanihusu. Niko mwaka wa mwisho wa masomo. Fani si yangu, ni ya nyumbani, kama ya Mama Wawili. Alama ninazo nzuri. Kila muhula nikifungua matokeo naenda moja kwa moja kumpigia baba simu, nikikata sijui nifanye nini na hiyo furaha. Mama Wawili, ulimwambiaje baba yako?

#42 Mama Wawili

Vibaya. Nilimwambia kwa barua, nikaondoka kabla hajaisoma. Alikaa muda mrefu bila kunisemesha. Kama ningerudia, ningekaa naye akiisoma. Lakini ningemwambia vilevile. Usisubiri cheo cha kwanza, mdogo wangu, maana kila ngazi inakuwa na kamba zake.

#43 Mzee Mkimya

Mimi namshauri tofauti. Maliza. Kisha muulize baba kwa nini aliitaka fani hiyo. Usimpinge kwanza, muulize tu. Mzazi huwa na historia nyuma ya matakwa yake, na nusu ya unachokitafuta juu yako iko humo. Ukishasikia, kataa ukitaka.

#44 Jiwe la Pembeni

Nyota, kabla ya yote: unalala? Unakula? Ukicheka unasikia kicheko? Kama hapana, usianze na baba wala fani. Anza kwa daktari au mnasihi.

#45 Nyota ya Asubuhi

Nalala na nakula kaka Jiwe, ahsante kwa kuuliza. Kicheko nakisikia.

Mitihani inaisha mwezi ujao. Nitaanza na swali la Mzee, na barua ya Mama Wawili nitaiandika pia niwe nayo mkononi. Bado sijajua kama nitampa.

#46 Bwana Takwimu

Nyota, ukimhoji baba muulize na babu alikuwaje. Nitafurahi kujua nani mle ndani huamka akiimba.

#47 Kitabu Wazi

Haachi! Bwana Takwimu, nina swali lako kuhusu wale pacha waliolelewa mbalimbali: nyumba zilizowachukua zilitofautiana kiasi gani hasa? Maana kama walezi walifanana, urithi unabeba sifa ya malezi. Naandaa bandiko refu, nipe muda.